Ngozi haitaki vyote unavyoipaka

Na DAKTARI WETU

MAPEMA mwaka huu mama mmoja aliye karani katika afisi moja jijini Nairobi aliingia katika kliniki yangu akiwa amejitanda leso hadi chini ya macho, ingawa siku hiyo hapakuwa na baridi wala vumbi.

Alipoketi aliishusha leso, kisha bila kusema neno akaumimina mkoba wake juu ya meza yangu. Nilihesabu vitu 11: tyubu nne za krimu, chupa mbili za losheni, sabuni tatu za vipande, kichupa cha mafuta kisicho na jina wala anwani ya mtengenezaji, na nusu ya ndimu iliyofungwa kwenye karatasi.

Mashavu yake yalikuwa mekundu na ngozi imekuwa nyembamba kiasi cha mishipa midogo ya damu kuonekana kama nyuzi. Kuzunguka mdomo palijaa vipele vyenye usaha, na kwenye kidevu zilikuwa zimeota nywele ambazo alisema hakuwa nazo zamani.

"Daktari," akaniambia, "nikiacha kujipaka siku mbili tu, uso wote unawaka moto. Nikijipaka, unatulia. Sasa nifanyeje?"

Yalianza kwa duara moja dogo la mashilingi kwenye taya, kubwa kama sarafu ya shilingi tano. Badala ya kwenda hospitalini, alipitia duka la dawa karibu na kituo cha matatu akauziwa tyubu ya krimu ambayo muuzaji aliisifu kuwa inamaliza kila kitu. Baada ya siku tatu mwasho ulikoma. Baada ya majuma mawili wenzake afisini wakaanza kumwambia kwamba uso umetakata. Naye, kama ambavyo wengi wetu tungefanya, akaendelea kujipaka. Aliendelea kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Nimekisimulia kisa hiki kwa idhini yake, kwa kuwa ni nadra juma kupita bila mimi kukutana na kingine cha aina hiyo. Wengi wanaokuja kwangu wakilalamikia ngozi hawajakosa kitu cha kujipaka; wana vingi mno, na kazi yangu kubwa huwa ni kuwapunguzia. Mambo ambayo ngozi inahitaji kila siku ni machache, na mengi yake hayagharimu hata shilingi mia mbili kwa mwezi.

Ukuta wa mwili

Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Ya mtu mzima ikitandazwa hufunika eneo la kati ya mita moja na nusu na mita mbili mraba. Lakini tabaka lake la juu kabisa, lile tunaloligusa, ni jembamba kuliko karatasi hii unayoisoma, isipokuwa kwenye viganja na nyayo.

Tabaka hilo limejengwa kama ukuta wa nyumba. Chembe zilizokauka ndizo matofali, na katikati yake mna mafuta ya asili ambayo hufanya kazi ya saruji. Kwa muda wa karibu mwezi mmoja matofali ya juu hupukutika, na mapya hupanda kutoka chini kuchukua nafasi yake. Ukuta huu huzuia maji ya mwilini yasitoke ovyo, na huzuia viini vya nje visiingie.

Saruji ikiondolewa, maji hutoroka. Ngozi hupauka, hukaza, kisha huwasha. Tunapowashwa tunajikuna, na kucha zinatoboa ukuta. Majipu mengi, na ukurutu mwingi wa watoto ninaouona ukiwa umeingia viini, umepitia njia hiyo hiyo.

Kosa la kwanza hutendeka bafuni. Tumelelewa tukiamini kwamba mtu hajaoga mpaka apate povu la kutosha na asuguliwe hadi ngozi ilie. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo: katika kipimo ambacho maji safi ni 7, ngozi huwa karibu 5, ilhali sabuni nyingi za vipande hufika 9 au 10. Sabuni ya namna hiyo huondoa uchafu, kisha huendelea na ile saruji niliyoitaja. Sabuni ya kufulia ni kali hata zaidi, na bado nawaona watu wazima wenye mishahara yao wakiogea hiyo hiyo kwa kuwa eti ndiyo inayotoa uchafu wa kweli.

Ushauri ninaoutoa huwashangaza wagonjwa wangu. Oga kila siku ukipenda, lakini paka sabuni makwapani, kwenye kinena, makalioni na miguuni. Mikono na miguu mingine, mgongo na tumbo vinatosheka na maji matupu siku nyingi, isipokuwa ukiwa umetoka jasho jingi au umeshinda kwenye vumbi. Dodoki gumu, jiwe na wavu wa kusugulia viache kwa ajili ya visigino. Nyuma ya mapaja na mabega hakuna kisigino.

Maji nayo yasiwe ya kuunguza. Mwezi wa Julai hapa Nairobi, baridi inapokaza, watu hukaa chini ya maji moto kwa robo saa, kisha wanashangaa kwa nini miguu inatoka magamba kama samaki. Dakika tano hadi kumi za maji ya vuguvugu zinatosha. Wanaoishi mitaa inayotegemea maji ya visima vya kuchimbwa wanajua kwamba maji yenye chumvi hayatoi povu kwa urahisi. Basi nao hujipaka sabuni mara mbili, na mabaki yake hubaki mwilini yakiwasha. Kwa hao, mtungi mmoja wa maji ya mvua au ya mfereji wa kujisuuzia mwishoni una faida kuliko sabuni ghali.

Kuna desturi nyingine ambayo ningependa ikome kabisa. Akina mama wengi humimina dawa ya kuua viini, ile ya kusafishia vidonda na sakafu, katika karai la kumwogeshea mtoto mchanga. Wanadhani wanamkinga. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyororo na haijakomaa, na dawa hiyo, hasa ikimiminwa kwa kukadiria kwa macho, humuunguza na kumkausha. Mtoto huyo anaweza kutoka upele, mama naye akaongeza dawa. Maji safi ya vuguvugu yanatosha. Sabuni laini kidogo itafaa baadaye, anapoanza kutambaa na kuchafuka.

Mafuta ya dakika tatu

Baada ya kuoga, jifute kwa kugusagusa na taulo, usijisugue. Kisha, ndani ya dakika tatu, mwili ukiwa bado una unyevu, jipake mafuta. Mafuta hayalishi ngozi, hata kama matangazo yanasema hivyo. Kazi yake ni kufungia ndani yale maji ambayo ngozi imeyapata. Ukingoja mpaka umekauka, umevaa na umekunywa chai, utakuwa unafungia ukavu.

Wagonjwa huniuliza mafuta gani ni bora. Jibu langu linawavunja moyo wenye maduka. Jeli ya petroli isiyo na manukato, ile ambayo bibi zetu waliipaka wajukuu hadi wakang'aa kama viatu vya polisi, bado haijashindwa na losheni nyingi za shilingi elfu mbili katika kuzuia maji yasitoroke. Mafuta ya nazi yanayotumiwa Pwani pia yanafaa kwa watu wengi. Ninachoogopa ni manukato. Kadiri mafuta yanavyonukia, ndivyo uwezekano wa kuwasha unavyozidi, hasa kwa mtoto mwenye ukurutu.

Isipokuwa usoni. Mwenye chunusi asijipake jeli nzito usoni. Pia atazame anachopaka nywele, kwa maana mafuta mazito ya saluni huteremka hadi kwenye paji la uso na kuziba vinyweleo. Nimewahi kumponya msichana wa chuo kikuu vipele vya paji la uso kwa kumwambia abadilishe mafuta ya nywele tu. Dawa ya meno na ndimu zisipakwe kwenye chunusi. Maji ya ndimu yakikutana na jua la mchana yanaweza kuichoma ngozi na kuacha alama nyeusi ya miezi kadhaa.

Wakazi wa Mombasa, Malindi na Kisumu, ambako joto na unyevu ni vingi, wasifuate ya Nairobi kikamilifu. Huko shida kubwa ni jasho, harara na kuvu, na mtu akijipaka mafuta mazito anaweza kujiongezea. Mafuta mepesi kwenye miguu na mikono yatamtosha.

Alama nyeusi

Ngozi nyeusi ina tabia moja ambayo ni lazima tuielewe, maana ndiyo inayowapeleka watu kwenye krimu za hatari. Ngozi yetu ikiudhiwa na chochote, iwe chunusi, mbu, wembe au kucha, hujibu kwa kumwaga rangi mahali hapo. Kidonda hupona, doa jeusi hubaki. Doa hilo si ugonjwa wala si uchafu, na halitoki kwa kusuguliwa. Kulisugua ni kuliudhi tena. Likiachwa, na lisipochomwa na jua, hufifia lenyewe polepole, kwa kawaida kwa miezi kadhaa na wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Miezi kadhaa ni mingi kwa mtu anayejiona kwenye kioo kila asubuhi, na ninakiri kwamba sisi madaktari huwaambia wagonjwa wavumilie kwa wepesi mno. Hapo ndipo muuzaji huingia na tyubu yake.

Krimu aliyouziwa yule mama ni ya mchanganyiko wa dawa tatu: ya kuua kuvu, ya kuua bakteria, na ya jamii ya steroidi kali, ambayo pakitini huandikwa betamethasone au clobetasol. Hiyo ya tatu ndiyo inayotuliza mwasho upesi. Lakini hutuliza kwa kuulaza usingizi ulinzi wa ngozi. Kuvu ikikuta mlinzi amelala, husambaa huku mwenyewe akidhani amepona. Steroidi pia hupunguza rangi, na ndiyo sababu wenzake walimwona ametakata. Ikitumiwa usoni kwa miezi, ngozi hukonda, mishipa hufumuka, chunusi hutoka, na mtu akiacha ghafla uso hulipuka. Wengi wakiona mlipuko huo hudhani ndio ugonjwa wenyewe, wakarudi kuinunua.

Mimi mwenyewe sina haki ya kumnyoshea kidole yule muuzaji. Katika mwaka wangu wa kwanza wa udaktari, katika hospitali moja ya wilaya kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka wa 2013, nilimwandikia askari wa usiku krimu ya aina hiyo kwa ajili ya kuvu ya kinena. Foleni ilikuwa ndefu, nami sikumwambia aitumie siku ngapi. Alirudi baada ya miezi miwili akiwa na kuvu hadi magotini na juu ya kitovu, na ngozi ya kinena imechanika michirizi ambayo haitafutika. Alinishukuru kwa ile dawa ya kwanza, akaniomba nyingine kama hiyo. Sijasahau.

Steroidi ni dawa nzuri ikiandikwa na anayejua, kwa ugonjwa unaoihitaji, na kwa siku zinazohesabika. Krimu hizo kali hupaswa kuuzwa kwa cheti cha daktari. Ukienda dukani na mashilingi ya kawaida mwilini, omba dawa ya kuvu peke yake, kama vile clotrimazole, na uipake mara mbili kwa siku kwa majuma mawili hadi manne. Usiache siku ile mwasho unapokoma. Endelea kama juma moja au mawili baada ya duara kutoweka. Mashilingi ya kichwani kwa watoto ni mambo mengine. Krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele, kwa hiyo mtoto huhitaji vidonge kutoka hospitalini kwa majuma sita hadi manane.

Kuna vitu vibaya kuliko steroidi. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi, na ndiyo maana hutiwa katika baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua. Hupenya ngozi, ikaingia damuni na kuharibu figo, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Jambo hili halikuanza jana. Mwaka wa 1972 madaktari waliokuwa wakifanya kazi hapa Nairobi waliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu wagonjwa wa figo waliovimba miili, na sehemu kubwa yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miaka zaidi ya hamsini imepita na bidhaa za namna hiyo bado zinapenya sokoni, ingawa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na vyenye haidrokwinoni.

Haidrokwinoni nayo ina kejeli yake. Ikitumiwa kwa muda mrefu kwa lengo la kutakatisha, huweza kuleta weusi wenye ubuluu kwenye mashavu na chini ya macho, kama masizi yaliyozama ndani ya ngozi. Afrika Kusini ugonjwa huu ulielezwa na madaktari mwaka wa 1975. Weusi huo ni mgumu mno kuuondoa. Kile kichupa kisicho na jina katika mkoba wa yule mama nilimwomba asikifungue tena, maana hakuna ajuaye kilichomo.

Jua, mdudu na kinyozi

Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, kwa hiyo miali ya jua inayochoma hutufikia ikiwa kali hata siku ya mawingu. Melanini, yaani rangi ya ngozi nyeusi, hutupa kinga ya asili kubwa kuliko ya Mzungu. Kwa sababu hiyo simlazimishi kila mwenye ngozi nyeusi kununua mafuta ya kukinga jua kila mwezi. Kofia yenye ukingo mpana na mwavuli ni rahisi zaidi na havimalizwi na jasho. Lakini mwenye madoa ya mimba usoni, mwenye alama anazotaka zififie, na anayemeza dawa zinazoamsha ukali wa jua kama vile doxycycline, huyo anayahitaji, ya kiwango cha 30 au zaidi, na ayapake tena kila baada ya saa mbili akiwa nje.

Kwa ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, albino, mafuta hayo si urembo. Bila hayo, na bila kofia na mikono mirefu tangu utotoni, saratani ya ngozi huwapata wakiwa bado vijana. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa na mpango wa kuwapatia mafuta hayo bure. Mzazi aulize katika hospitali ya kaunti yake.

Baada ya mvua kubwa huja yule mdudu mwembamba mwenye mistari ya rangi nyekundu na nyeusi, ambaye ameupa mji wetu sifa usiyoitaka kwa jina lake la Nairobi fly. Haumi wala hadungi. Sumu imo ndani ya mwili wake, na hutoka anapopondwa. Akitua shingoni, usimpige kofi. Mpulize, au mwondoe kwa karatasi, kisha osha mahali hapo kwa sabuni na maji mara moja. Hapa sabuni naisifu. Ukimponda, baada ya siku moja au mbili utaona mchirizi mwekundu unaounguza na kutoa malengelenge, na ukijifikicha jicho kwa mkono huo litavimba. Usiku zima taa zisizohitajika karibu na madirisha yaliyo wazi, na ulale ndani ya chandarua.

Wanaume nao wana lao. Nywele zetu zina mizunguko, na zikinyolewa hadi ndani kabisa, ncha yake hujikunja na kurudi kwenye ngozi. Hapo ndipo vinapotoka vile vipele vya kidevu na vya kisogo, ambavyo kwa wengine huvimba vikawa makovu magumu. Mwambie kinyozi aache kama milimita moja, na wewe unayejinyoa nyumbani fuata uelekeo wa nywele. Usione haya kumtaka aipanguse mashine kwa spiriti mbele ya macho yako, na ubebe taulo yako mwenyewe. Ile taulo moja ya kinyozi inayopangusa vichwa kuanzia asubuhi hadi jioni ndiyo husafirisha mashilingi kutoka mtaa mmoja hadi mwingine.

Kuhusu mitumba, watu wengi huamini kwamba ndiyo inayoleta upele. Wadudu wa upele hawaishi zaidi ya siku mbili au tatu wakiwa mbali na mwili wa mtu, na lile robota limesafiri majuma mengi baharini. Upele unatoka kwa mtu unayelala naye kitanda kimoja, si Gikomba. Ukimpata mmoja nyumbani, wote watibiwe siku moja hata wasiowashwa. Hata hivyo, fua mitumba kabla ya kuivaa, kwa sababu ya vumbi, ya dawa za kuhifadhia na ya kuvu, ambayo ni sugu kuliko mdudu.

Miguu kauka katikati ya vidole kila unapooga. Askari, mpishi na mwuza samaki wanaoshinda katika viatu vya mpira wawe na jozi mbili za kubadilisha, na soksi za pamba.

Unapopaka mafuta jioni, tazama. Sisemi ujikague kwa hofu, bali mara moja kwa mwezi geuza nyayo, tazama viganja na kucha. Saratani ya ngozi ya mtu mweusi asiye albino mara nyingi hujificha mahali ambapo hapana rangi nyingi. Mwanamuziki Bob Marley aliaga dunia mwaka wa 1981 akiwa na umri wa miaka 36 kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Doa jipya jeusi kwenye wayo, mstari mweusi wa kucha unaopanuka, au kidonda kisichopona kwa mwezi, kipeleke hospitalini. Fanya hivyo pia kwa baka lililopauka ambalo halihisi ukiligusa kwa pamba, kwani ukoma bado upo na dawa zake ni za bure. Majipu yasiyokoma na kuwashwa kusiko na upele ni sababu ya kupimwa sukari.

Wengi wataniuliza kuhusu maji ya kunywa. Kunywa ukiwa na kiu. Glasi nane kwa siku hazijawahi kumtibu mtu wangu yeyote ukavu wa miguu. Sigara, kwa upande mwingine, huzeesha uso mapema.

Yule mama hatukumwachisha krimu zote kwa siku moja. Steroidi kali tuliibadilisha kwa dhaifu, tukaipunguza kwa majuma kadhaa, tukampa vidonge vya ile kuvu na vya vipele. Majuma matatu ya kwanza yalikuwa mabaya, na alinipigia simu usiku mara mbili akilia. Tulipomwita mwanawe tulimkuta na mabaka ya mashilingi kichwani yaliyofichwa na nywele. Huko ndiko yalikokuwa yakitoka wakati wote huo.

Alirudi baada ya miezi minne. Safari hii mkoba ulikuwa na vitu viwili, sabuni laini na kikopo cha jeli. Vipele vimekwisha na rangi yake inarejea. Aliniuliza kama ile mishipa kwenye shavu la kushoto itatoweka, nami nikamwambia kwamba mingine haitatoweka. Akajitazama kwa kitambo kwenye kioo cha simu yake. Kisha akasema leso ameiacha nyumbani, na kwamba angetaka kujua ni siku gani amlete dadake.